Simu za wakimbizi haziangushi dijonktere

UVIRA, Kivu ya Kusini – Umeme unaporudi jioni katika kartie za Uvira, sauti mbili husikika. Ya kwanza ni ya watoto barabarani: "Kura imerudi!" Ya pili hufuata baada ya dakika chache, nayo hutoka katika parseli moja moja: tak! Taa zinazimika, redio inanyamaza, na kabla mtu hajashika tochi, mwenye parseli ameshasimama mlangoni anauliza nani amechomeka nini. Siku hizi jibu liko tayari kabla ya swali. Ni wale waliokuja. Ni wale wa chumba cha nyuma. Simu zao ni nyingi.

Jibu hilo ni la uongo. Na kwa uongo huo kuna familia zinazonyimwa prizi, zinazodaiwa pesa ya umeme ambao hazikuutumia, na nyingine zinaambiwa zitafute pengine pa kulala, hata kama zimetoka Minembwe, Bijombo, Sange au Luvungi na hazina pengine. Ndiyo maana jambo hili dogo la swichi inayoanguka linastahili kusemwa wazi, kwa hesabu, bila kuogopa kuwaudhi wenye parseli wala mafundi wao.

Parseli yenyewe kila mtu wa Uvira anaijua, iwe Kasenga, Mulongwe, Kimanga au Kavimvira. Kuna nyumba kubwa mbele, na nyuma yake kuna vyumba vitatu au vinne vilivyoongezwa kidogo kidogo kadiri pesa ilivyopatikana. Waya mmoja unatoka kwenye nguzo, unaingia kwenye kontere, unapita kwenye dijonktere moja, kisha unaenda nyumba kubwa. Kutoka nyumba kubwa waya mwingine mwembamba umepitishwa juu ya bati hadi vyumba vya nyuma, umefungwa kwa plastiki ya mkate pale ulipounganishwa. Zamani parseli hiyo ilikuwa na familia moja, balbu nne na redio. Leo ina familia tatu au nne, frigo ya kuuza maji ya baridi, resho ya kupikia kwa sababu makala yamepanda bei, pasi, televisheni. Dijonktere ni ile ile.

Kwa asiyeijua kwa jina hilo, dijonktere ni ile swichi ya ulinzi iliyo karibu na kontere, ambayo Watanzania na Wakenya huiita sakiti breka. Kazi yake si kuleta umeme. Kazi yake ni kuukata pale unapopita mwingi kuliko waya unavyoweza kubeba, ili waya usipate moto ndani ya ukuta au juu ya dari. Inapoanguka haijaharibika. Imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Sasa hesabu, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Juu ya dijonktere pameandikwa namba: 10, 16, 20 au 32. Hizo ni ampere. Umeme wa nyumbani ni wa volti 220. Ukizidisha 220 kwa 10 unapata wati 2200. Huo ndio mzigo ambao dijonktere ya ampere 10 imekubali kuubeba siku nzima. Ya ampere 16 inabeba wati 3520.

Kisha mtu ageuze kila chombo asome nyuma yake, maana kila chombo kina kibandiko chenye wati. Pasi ni wati 1000 hadi 1200. Resho ya jiko moja ni 1000 hadi 1500. Birika la umeme mara nyingi ni 1500 au zaidi. Televisheni ndogo ya siku hizi ni kati ya 40 na 80. Balbu ya LED ni 7 au 9. Na chaji ya simu, ile ile inayolaumiwa kila jioni, ni wati 5 hadi 10.

Familia ya watu wanane iliyofika na simu tano, zote zikichajiwa kwa wakati mmoja, inatumia wati 50 kama chaji ni kubwa. Hiyo haifiki robo ya ampere. Ili simu zilingane na pasi moja ya wati 1200 inayonyoosha suruali ya Jumapili, lazima ziwe simu 120 zimechomekwa pamoja katika chumba kimoja. Parseli yenye simu 120 haiko Uvira.

Mwenye parseli atasema: "Lakini mbona ilianguka pale pale walipochomeka?" Hili ni swali la haki na lina jibu. Dijonktere haianguki mara moja mzigo unapozidi kidogo. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopata joto polepole na kujikunja, na kikijikunja vya kutosha kinaachia. Resho ya 1500 na pasi ya 1200 zikiwaka pamoja ni wati 2700, yaani zaidi ya ampere 12 juu ya dijonktere ya 10. Inavumilia. Inavumilia dakika kumi, ishirini, hata saa nzima. Kisha frigo, ambayo ilikuwa imetulia, inaamka, na motere ya frigo inapoamka huvuta kwa muda mfupi mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Hapo tak! Au mtoto anachomeka simu sekunde ile ile. Wa mwisho kuingia anashikwa kama mwizi, kumbe mzigo uliwekwa na waliotangulia.

Ni kama pirogi ya Kalundu iliyopakiwa magunia hadi maji yanalamba ukingo, halafu kuku anaruka ndani. Hakuna mvuvi anayeshitaki kuku.

Haki iende pande zote. Chaji mbovu ya bei ya chini, iliyopasuka au iliyoungua ndani, inaweza kweli kuleta shoti na kuangusha dijonktere. Lakini hiyo inajulikana upesi. Itaangusha kila inapochomekwa, mchana na usiku, hata kama hakuna kitu kingine kinachowaka. Kama chaji ile ile inakaa mchana mzima bila tatizo na "kosa" linaonekana saa moja ya usiku tu, wakati resho imewashwa, basi chaji haina kesi.

Kwa hiyo kuna namna ya kutafuta kosa, na haitaki diploma. Inataka nusu saa na uvumilivu, vitu viwili ambavyo hasira ya mlangoni haina.

Kwanza ni kutazama jinsi inavyoanguka. Ikiwa inaanguka pale pale inapoinuliwa, kwa kishindo, pengine na harufu au cheche, hiyo ni shoti: nyaya mbili zimegusana mahali fulani, katika chombo, katika prizi au katika ukuta. Mtu asiiinue mara tatu nne kwa kuilazimisha. Kila mara anachoma kitu. Ikiwa inaanguka baada ya dakika kadhaa, na boksi lake lina joto ukilisogezea mkono, huo ni mzigo uliozidi. Mtu apunguze vyombo, aache ipoe, ndipo aiinue.

Aina ya tatu huwachanganya wengi. Katika baadhi ya nyumba, hasa zilizojengwa karibuni, kuna swichi nyingine yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, na pembeni pameandikwa 30 mA. Hiyo ni diferansieli. Yenyewe haipimi uzito wa mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ikiona sehemu 30 za elfu moja za ampere hazikurudi, inaamini zimepita kwingine, katika ukuta uliolowa au katika mwili wa mtu, na inakata kabla nusu ya sekunde haijaisha. Diferansieli ikianguka, kuna umeme unaovuja. Yule anayeiondoa kwa sababu "inasumbua" ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinamlinda mtoto anayefungua frigo akiwa miguu mitupu juu ya sima yenye maji.

Pili ni kuchomoa vyombo vyote. Kuzima kwa swichi hakutoshi, kwa sababu swichi nyingi hukata waya mmoja tu na uvujaji unaweza kupita kwenye waya wa pili. Kila fishi itoke kwenye prizi, vyumba vyote, na hapa mwenye parseli aanze na chumba chake mbele ya macho ya wapangaji. Kisha dijonktere iinuliwe. Ikianguka wakati hakuna chombo hata kimoja kilichochomekwa, kosa liko katika nyaya au katika prizi zenyewe, na nyaya ni za nani? Si za mkimbizi. Hakuja nazo kichwani kutoka Bijombo.

Ikikaa, vyombo virudishwe kimoja kimoja, kila kimoja kipewe dakika chache. Kitakachoiangusha kikiwa peke yake ndicho kibovu. Kama hakuna kinachoiangusha peke yake lakini vikiwa pamoja inaanguka, basi hakuna kibovu. Mzigo ni mkubwa na watu wapange zamu.

Frigo inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo chombo kinacholaumiwa baada ya wakimbizi, na ndiyo inayolisha nyumba nyingi: maji ya baridi, juisi, mikeke na ndagala zisizouzwa siku hiyo. Frigo nyingi za Uvira ni za okazyo, zimeshatumika kwingine miaka mingi kabla hazijafika hapa. Tena umeme wenyewe hukatika na kurudi, hukatika na kurudi. Hapo pana jambo ambalo wauzaji wa frigo wangepaswa kumwambia kila mnunuzi. Motere ya frigo ikizimika ghafla, gesi ndani ya mabomba inabaki na shinikizo kubwa upande mmoja. Umeme ukirudi baada ya dakika moja, motere inajaribu kusukuma na haiwezi, inakwama, inanguruma, inavuta umeme mwingi sana. Dijonktere dhaifu inaanguka. Ikipewa dakika kumi, shinikizo linalingana na inaanza bila shida. Kwa hiyo umeme unapokatika, mwenye frigo achomoe fishi, na ukirudi angoje dakika kumi kabla ya kuirudisha. Kuna pia vifaa vidogo vinavyochomekwa kati ya prizi na frigo ili kufanya kusubiri huko vyenyewe, na hukata pia umeme ukiwa hafifu au ukizidi.

Umeme hafifu nao ni adui. Jioni kila nyumba inapowasha, volti katika kartie hushuka na balbu za zamani zinageuka nyekundu. Motere ya frigo kwenye volti 160 inaweza kushindwa kuanza, ikabaki inanguruma na kupata joto. Balbu ikiwa nyekundu, frigo ipumzike. Maji ya baridi ya jioni moja hayalipi kompresere mpya.

Ikiwa frigo inaangusha dijonktere ikiwa peke yake hata baada ya kusubiri, ipelekwe kwa jirani mwenye laini nyingine, ichomekwe moja kwa moja kwenye prizi ya ukutani, bila ralonji. Ikianguka na huko, kosa liko ndani ya frigo. Ikikaa, kosa liko katika laini ya parseli ya kwanza, na frigo haina dhambi. Jaribio hili moja lingeokoa frigo nyingi zilizouzwa kwa hasara kwa mafundi waliozitengeneza bila kufanya lolote.

Ndani ya frigo mahali pa kutazama si pengi. Kamba ya umeme huliwa na panya au hubanwa na mguu wa frigo. Pale nyuma chini, kwenye kompresere, kuna kiboksi kidogo cha kuanzishia ambacho huungua, na maji yanayodondoka hufika kwenye vituo vya nyaya. Frigo za no-frost, zile zisizoganda barafu, zina rezistansi ya kuyeyusha barafu inayowaka yenyewe mara chache kwa siku. Kama diferansieli inaanguka kila baada ya saa kadhaa, hata usiku wa manane wakati kila mtu amelala na resho ni baridi, hiyo rezistansi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Fundi wa kweli ataichomoa frigo kwanza, kisha atachukua kipimo chake, aweke ncha moja kwenye mguu wa fishi na nyingine kwenye bodi ya chuma, aone kama umeme una njia ya kupita. Fundi asiyekuwa na kipimo, mwenye bisibisi peke yake na maneno mengi, hajaja kutengeneza.

Na hapa lazima mafundi waguswe, hata wakikasirika.

Kuna fundi wa dakika kumi. Anaitwa kwa sababu dijonktere inaanguka, anaitazama, anatikisa kichwa, anasema "hii ni ndogo," anaweka ya ampere 32 mahali pa ile ya 10, anapokea pesa na kwenda. Dijonktere haianguki tena. Mwenye parseli anamsifu kartie nzima. Lakini waya uliomo ukutani ni ule ule wa milimita 1,5 ambao kazi yake ni kubeba taa. Waya wa 2,5 ndio wa prizi, na dijonktere yake ni ya 16, ikizidi sana 20. Kwa 32 unatakiwa waya wa milimita 6, na katika vyumba vya nyuma ya parseli za Uvira waya wa 6 ni nadra kama theluji. Kwa hiyo sasa mzigo ukizidi, dijonktere inatulia, na waya ndio unaopata moto. Plastiki inalainika, inanuka, inashuka juu ya boriti, juu ya mifuko ya nguo, juu ya chandarua. Fundi ameshalala kwake.

Kuna mwingine mbaya zaidi, anayefunga uzi wa shaba mahali pa fuzibo, au anayeunganisha nyaya mbili na kuipita dijonktere kabisa. Huyo hafanyi ufundi. Anaweka kiberiti ndani ya nyumba ya mtu na kulipwa. Na wanaolala karibu na waya huo ni nani? Chumba cha nyuma, cha waya mwembamba kuliko zote, ndicho walichopewa waliokuja.

Tena kuna tabia ya kukata mguu wa tatu wa fishi ili iingie kwenye prizi ya matundu mawili. Mguu ule ni wa ardhi. Parseli nyingi hazina hata nondo iliyozikwa ardhini ya kuupokea, na kwa hiyo bodi ya chuma ya frigo inayovuja inabaki na umeme ikingoja mkono wa mtu. Mama anayesema "frigo yangu inatetemesha kidogo" anaeleza kosa la hatari kana kwamba ni tabia ya frigo. Ichomolewe siku hiyo hiyo.

Uvira ina sababu yake ya pekee ya kuwa macho, nayo ni maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba, ukaacha watu wamekufa na maelfu bila makao. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika nyumba za pembeni na kukaa humo wiki nyingi. Maji yalipotoka, watu walifagia matope, wakapaka chokaa, wakarudi ndani. Prizi hazikufunguliwa. Ndani ya prizi iliyozama mnabaki udongo mwembamba unaonyonya unyevu kila mvua inaponyesha, na umeme unapita juu yake kidogo kidogo. Nyumba ya namna hiyo inaangusha dijonktere siku za mvua na inatulia siku za jua. Wenyeji husema umeme una pepo. Una matope. Prizi ile ikatiwe umeme, ifunguliwe, itupwe, na waya uliozama chini ya mstari wa maji ubadilishwe. Nyumba ambazo zimepangishwa kwa familia zilizohama bila kazi hiyo zimepangishwa zikiwa na kasoro, na mwenye nyumba anajua, kwa sababu alama ya maji bado iko ukutani chini ya chokaa.

Tarehe 2 Februari 2022, huko Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaanguka sokoni ambako mvua ilikuwa imeacha maji chini. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokuwa wanauza. Taifa zima lilisikia. Waya wa parseli hauui watu 26 kwa siku moja. Unaua mmoja, katika chumba cha nyuma, na tangazo lake ni la kilio tu, bila mtu kuuliza dijonktere ilikuwa ya ampere ngapi.

Wenye parseli wana hoja mbili zaidi, na haifai kuzipita kimya.

Ya kwanza ni fakturi. Wanasema wageni ni wengi, bili inapanda, na wao ndio wanaolipa. Inawezekana. Lakini hilo ni shauri la pesa, lijadiliwe kama shauri la pesa, mezani, kwa wati na masaa. Resho moja ya wati 1500 ikiwaka saa mbili imekula kilowati-saa 3. Simu tano za wati 10 zikichajiwa saa mbili zimekula sehemu moja ya kumi ya kilowati-saa. Anayetaka kugawa bili kwa haki agawe kwa namna hiyo, au aweke kontere ndogo kwa kila chumba. Asitumie dijonktere iliyoanguka kama ushahidi wa deni. Dijonktere haisomi fakturi.

Ya pili ni ile ya kusema kosa lote ni la umeme wa Ruzizi, mdogo, wa zamani, na hakuna la kufanya nyumbani. Ni kweli kwamba mji unategemea mto Ruzizi, na kwamba kituo cha kwanza kilijengwa miaka ya 1950 wakati wa Wabelgiji. Cha pili, Ruzizi II, kilianza kazi mwaka 1989, na nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, zinagawana umeme wake. (Nchi tatu zenye ugomvi wote huo zimeweza kugawana turbini, parseli moja inashindwa kugawana saa ya kupiga pasi.) Umeme mdogo unaleta delestaji na volti hafifu, na wenye mamlaka wadaiwe hilo kila siku. Lakini delestaji inazima kartie nzima. Jirani akiwa na taa na parseli yako ikiwa gizani, kosa halikutoka Ruzizi. Liko ndani ya ukuta wa parseli.

Kinachowezekana kesho asubuhi, bila kungoja Kinshasa, si kingi lakini kinatosha kuanza. Resho na pasi zisiwake kwa wakati mmoja. Pasi iwe ya asubuhi, resho ya jioni, na wapangaji wote waambiwe, pamoja na nyumba kubwa, ambayo mara nyingi ndiyo yenye pasi. Ralonji iliyoviringwa ifunguliwe yote kabla ya kubeba resho, maana ikiviringwa joto halitoki. Vyumba vya nyuma vipewe waya wao wa 2,5 na dijonktere yao ya 16, tofauti na nyumba kubwa, ili kosa la upande mmoja lisizime upande wa pili na lisizae ugomvi. Hiyo ni gharama ya mwenye parseli, naye ndiye anayepokea kodi. Familia iliyohama isiyo na kodi ya kulipa, inayokaa kwa huruma ya ndugu, inaweza kutoa mikono: kuchimba shimo la nondo ya ardhi, kushika ngazi, kufungua prizi zilizolowa umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi kuu na fundi akiwepo.

Mashefu wa avenyu nao wana kazi. Wanajua nani amefika jana, ametoka wapi, analala kwa nani, na daftari lao limejaa. Daftari hilo hilo lina nafasi ya mstari mmoja zaidi: chumba hiki kina dijonktere au hakina. Mkimbizi anaandikwa siku ya kwanza. Waya uliofungwa kwa plastiki ya mkate juu ya kitanda chake haujawahi kuandikwa.

Na familia inayoonyeshwa chumba, kabla ya kushusha godoro, ina haki ya kuomba kuonyeshwa boksi. Kama ndani yake mna uzi wa shaba mahali pa fuzibo, au dijonktere ya 32 juu ya waya mwembamba, iseme hapo hapo, mbele ya mwenye parseli na mbele ya jirani mmoja, kwa heshima: "Baba, hii itengenezwe kwanza." Kama hakuna pengine pa kwenda na lazima walale humo, prizi ile isibebe resho wala pasi wala frigo, kitanda kisogezwe mbali na waya, na usiku, umeme ukiwepo au usipokuwepo, fishi zote zichomolewe. Simu zinaweza kubaki.